Tulivyomwekea Matanga Sista Hilda Akiwa Mzima

Nyie wanangu mnaoanza kazi sasa, mnaovaa glavu mpya kwa kila mgonjwa na kuitupa kama ganda la ndizi, sogeeni kidogo. Nataka niwaambie namna tulivyomwekea msiba Sista Hilda akiwa mzima, anakoroma, mapigo ya moyo sabini na mbili kwa dakika. Niliyahesabu mwenyewe. Nilitumia saa mbovu, lakini habari ya saa nitaifikia.

Mimi naitwa Zena. Nimezaliwa Chiungutwa, upande wa Masasi, nikaishia darasa la saba, nikafundishwa uhudumu wa afya mwaka mmoja, nikapandishwa mlimani Newala kwenye zahanati moja ya kijijini, mbele ya Makote. Huko nimekaa mpaka nimestaafu. Shule yangu ni hiyo, basi mkikuta mahali nimeandika kienyeji msininunie.

Nisingeandika kabisa kama si mtoto wa dada yangu, ambaye ni nesi. Mwaka ule wa barakoa alinipigia simu, sauti imekauka.

"Mama mdogo, shikamoo. Nasikia mashine ya oksijeni inalia hadi bafuni. Nafunga bomba la maji, bado inalia. Nimeshakuwa mwehu?"

"Marahaba mwanangu. Umeoga lakini?"

"Nimeoga."

"Basi wewe si mwehu. Umechoka. Mwehu nilimwona mimi, na alikuwa ndiye mwenye akili kuliko sisi wote."

Akacheka kidogo. Nikamsimulia kwenye simu mpaka vocha ikaisha. Sasa nawasimulia na nyie, vocha ya karatasi haiishi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mlikuwa hamjazaliwa. Tulitoka kwenye foleni ya sabuni ya kipande, ghafla Masasi mjini kila kitu kimejaa: mitumba imerundikwa kama majani ya mkorosho, redio, soda za kopo, na saa za plastiki zinauzwa kwa fungu kama dagaa. Mimi tangu msichana ndoto yangu ilikuwa saa ya nesi, ile inayobandikwa kifuani na kuning'inia kichwa chini. Niliamini ukiivaa ile, ugonjwa ukikuona kwa mbali unageuza njia. Nikashuka Masasi, nikanunua. Nilirudi mlimani nimekaa kwenye gari kifua mbele, abiria wote wakijua saa ngapi.

Wiki hiyo hiyo mvua za kwanza zikanyesha, na kipindupindu kikaja.

Nyie mnasoma kwenye vitabu: mikono, maji safi, sabuni. Vizuri. Lakini sisi kule juu maji yalikuwa yanatoka bondeni, yanapanda mlima kwa madumu kwenye baiskeli, mtu anasukuma anahema kama punda. Unamwambia mama, "Nawa mikono kila mara." Anakutazama kwa huruma, anaona huyu nesi ni mgeni wa dunia. Mabibo nayo yalikuwa yamejaa chini ya mikorosho, kila nyumba ina pipa la uraka, pombe ya mabibo hayo, na kikombe cha kunywea ni kimoja, kinazunguka.

Wagonjwa wakazidi zahanati. Tukapewa shule ya msingi, watoto wakapelekwa likizo. Darasa la pili likawa wodi ya wanawake, la tano wanaume, na chumba cha walimu ndiko kwenye dawa. Hesabu tulizikuta ubaoni, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzifuta. Mzee Chilumba, mgonjwa wangu wa kwanza, aliletwa amekauka hata kope hazifumbi. Nikamtundikia dripu kwenye msumari wa ramani ya Tanzania, nikaitazama saa yangu ya kifuani, nikahesabu matone kwa dakika, nikarekebisha, nikaenda darasa la pili najiona daktari.

Niliporudi chupa ilikuwa tupu. Mzee amekaa kitako, anatazama ubao.

"Nesi," akasema, "ile saba mara nane wamekosea. Halafu, kuna ugali?"

Kumbe saa yangu ilikuwa inakimbia. Kila saa moja inajiongezea dakika kumi, bure, kama zawadi ya dukani. Nami kwa kuifukuza nikapotea hesabu, maji ya masaa yote nikayamwaga kwa mzee kwa muda wa kuchemsha chai. Bahati, alikuwa amekauka kiasi kwamba ndicho alichokuwa anakihitaji.

Sista Hilda akaishika ile saa, akaisogeza sikioni, akaniambia, "Hii inakimbia kama imeiba. Zena, leo Mungu alikuwa zamu. Kesho ana likizo."

Sista Hilda ndiye alikuwa mkubwa wetu. Mmakua wa Masasi, mtu wa kanisani, mrefu, mikono mipana kama sinia. Hakunifokea. Alinikalisha kwenye dawati la mtoto akanifundisha kuhesabu matone bila saa. "Mkumbuke mama yako anavyotwanga. Mchi ukigonga kinu, tone. Aliyekauka sana, wanatwanga wawili wanapokezana. Akianza kupata nafuu, anabaki mmoja. Akikojoa, mwambie mama apumzike, aweke mchi chini." Tangu siku ile mpaka nastaafu sijawahi kukosea dripu. Na mshipa alinifundisha hivi: "Hautafutwi kwa macho. Macho yana haraka. Fumba, weka kidole, bonyeza polepole. Unaorudisha kidole ndio wenyewe." Na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vya kufuta, nusu kijiko cha chumvi, halafu uonje. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, anza upya. Sisi wakati ule tulikuwa na kipimo hicho karibu sana. Unalamba tu mdomo wako.

Tulizika watu, wanangu. Sitawaficha. Tuliwazika haraka, kwa chokaa, bila kuoshwa na ndugu, bila matanga. Mimi niliwahi kucheka makaburini peke yangu, kicheko kinatoka chenyewe kama kwikwi, nikajificha nyuma ya mkorosho mpaka kikaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Nilidhani nina roho mbaya.

Lakini tuliyekuwa tunamwogopea ni Sista Hilda.

Wiki ya tatu ndiyo tulianza kuona. Mlangoni tulikuwa tumelaza gunia lililoloweshwa klorini, kila anayeingia alikanyage. Sawa. Sista akaanza kuwakanyagisha kuku. La kuku likavumiliwa. Siku ya pili akamshika mbuzi wa jirani, akamkanyagisha mguu mmoja mmoja, yote minne, na mbuzi alipotoka akamrudisha, kwa sababu anayetoka naye anakanyaga. Ukimsalimia, "Shikamoo Sista," anakujibu kama mgonjwa wa kuharisha, "Mara ngapi tangu asubuhi?" Mwenyekiti wa kijiji alisalimia akaulizwa mara ngapi, akajibu, maskini, mara mbili, akatundikiwa dripu kabla hajaeleza kwamba amekuja kuleta kuni.

Vidole vyake vikawa vinagonga muda wote. Akila, vinagonga meza. Akiomba Mungu, vinagonga vyenyewe kwa vyenyewe. Matone. Wanatwanga wawili wanapokezana, ndani ya kichwa chake, hawaweki mchi chini.

Na hakulala. Nikimwambia, "Sista, lala hata kidogo," ananijibu, "Nitalala wakilala."

"Wamelala Sista. Wote wamelala."

"Wamelala, lakini hawajalala."

Utabishana vipi na neno kama hilo?

Asubuhi moja, siku ya Jumatano, nilifungua daftari la wagonjwa niandike waliopokelewa. Mstari wa mwisho nikakuta mwandiko wake, mzuri, umenyooka kama kawaida: Hilda. Umri miaka arobaini na moja. Kijiji: hapa hapa. Hali: anaendelea.

Nikalifunga daftari.

Na mchana wake ikaja barua kwa baiskeli. Gari la wilaya litafika Ijumaa, na Bwana Afya mpya, kukagua kambi yetu ya pale shuleni na hali ya watumishi. Sasa niwaeleze kwa nini niliiogopa barua ile. Kambi moja ya upande wa pili, nesi wao alizidiwa akaanza kulia hovyo. Wilaya wakamwondoa "akapumzike", na kwa kuwa kambi haina nesi wakaifunga, wagonjwa wakapakiwa kwenye lori. Barabara yetu ya mvua mnaijua. Hawakufika wote. Sisi darasa la pili tulikuwa na mtoto Rehema, wa miaka mitatu, mishipa imejificha kama ming'oko, vile viazi vya porini, mwaka wa njaa, na mtu wa kuipata alikuwa mmoja tu, aliyekuwa wakati ule nje anamwosha mbuzi kwato. Bwana Afya akimwona Sista vile, anamchukua. Akimchukua, lori linakuja. Rehema hapandi lori akafika.

Kwa hiyo Sista alale. Lazima alale kabla ya Ijumaa. Na halali.

Hapo ndipo akatokea Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mpika uraka mkubwa wa kijiji, Mmakonde, mama wa makamo, mnene, na midomo yenye chale nzuri za zamani. Sista alikuwa amemmwagia pipa lake zima mwanzo wa ugonjwa. Akasimama nje ya kamba ya kambi, mikono kiunoni.

"Zena! Nimekuja kushtaki."

"Shikamoo Bibi. Kushtaki nini?"

"Marahaba. Mmezika watani zangu watatu kwa chokaa, mimi sipo. Nani aliwacheka? Mtu anakwenda kwa Mungu hajachekwa, atapokelewaje, kama mgeni?"

Nyie wa siku hizi utani mnauona wa kwenye simu. Kwetu utani ni kazi. Kila ukoo una watani wake toka kwa mababu, na mtani ndiye anayeshika msiba: anaficha jembe la kuchimbia, anajilaza penye kaburi akatae kuondoka, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Na hukasiriki. Ukimkasirikia mtani, mwenye kosa ni wewe, na kuku unatoa. Sasa kipindupindu kilikataza mikusanyiko, na watani wote wa mlimani wakakaa bila kazi.

"Pombe mmemwaga," akaendelea Bi Somoe, "misiba mmefunga. Mimi nifanye nini, nilime?"

Nikapata wazo pale pale. Nilikuwa kijana, mawazo yalikuwa yanakuja bila kubisha hodi.

"Bibi, Sista Hilda si mtani wako?"

"Tangu babu yake hajaota ndevu."

"Mtani wako akifa, unafanyaje?"

Bi Somoe akatazama mlangoni. Sista alikuwa ameshika mguu wa mbuzi, anamwambia, "Na huu. Usinifiche huu." Bi Somoe akamtazama muda mrefu. Uso ukamlegea.

"Yule?" akasema kwa sauti ya chini. "Yule amekufa siku nyingi. Hajaambiwa tu."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, wakaja wanawake sita wamejifunga kanga viunoni. Wakakanyaga gunia, wakanawa, kila mmoja akaulizwa mara ngapi. Kisha Bi Somoe akajishika kichwa akapasua yowe.

"Uwiii! Hilda wetu! Hilda katuacha!"

Sista akatoka darasa la tano na koleo mkononi. "Nani amekufa?"

"Wewe."

"Mimi?" Akafikiri. Hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba alifikiri. "Haiwezekani. Kwenye daftari nimeandikwa naendelea."

"Daftari ndilo linajua kufa?" akasema Bi Somoe. "Kamateni maiti."

Wakamkamata. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, mle darasa la tano, kile cha kipindupindu, chenye tundu katikati na ndoo chini. Wakaziba tundu kwa gunia jipya la korosho, wakamlaza, wakamfunika shuka jeupe mpaka kichwani. Bi Somoe akamkalia miguu.

"Bi Somoe, niache! Nina wagonjwa!"

"Maiti haina wagonjwa."

"Nitakasirika!"

"Kasirika, nile kuku."

Halafu sauti chini ya shuka: "Zena. Klorini saa nne. Na saa tisa."

"Nitanyunyiza, Sista."

"Na Rehema..."

"Maiti haitoi amri," akasema Bi Somoe, na akaanza kazi yake. Alimwachia mwenzake miguu aikalie, akasimama, akajinyoosha mpaka akawa mrefu, sijui urefu aliutoa wapi. Akatembea kama Sista, vidole vinagonga hewani. Akamkaribia Mzee Chilumba, aliyekuwa amerudi kulazwa mara ya pili. "Mara ngapi tangu asubuhi? Sema kweli! Na huyo inzi wako, amekanyaga klorini?" Akajifanya anabeba pipa la uraka, analimwaga, halafu anageuka huku na huku, anachovya kidole chini, analamba. "Limepungua chumvi! Ongeza!"

Wanangu, kambi ilicheka. Watu ambao jana yake tulikuwa tunawafumba midomo ili nzi wasiingie walicheka. Mzee Chilumba alicheka mpaka akaomba ndoo. Mama mmoja akawa anapiga ukuta kwa kiganja. Na shuka jeupe likaanza kutikisika. Nikajua Sista anacheka. Kisha likatikisika vingine, na nikajua hacheki tena, analia. Hapo Bi Somoe akaacha vichekesho, akarudi kumkalia miguu, na wale wanawake wakaanza ule wimbo wa chini wa kuomboleza, usio na maneno mengi, unaovutwa kama mtu anafua nguo taratibu.

Mkono wa Sista ulikuwa umetokeza nje ya shuka. Kidole kilikuwa kinagonga fremu ya kitanda. Wanatwanga wawili. Nikasimama natazama kile kidole. Muda ukapita, akabaki mmoja anatwanga. Muda ukapita. Mchi ukawekwa chini.

Nilishtuka, nikapima mapigo. Sabini na mbili, kwa saa ile inayokimbia, kwa hiyo nyie mnaojua hesabu mtanisahihisha. Akaanza kukoroma. Nikatoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya vyoo.

Saa nne nikanyunyiza kwa pampu yetu ya mkono, vizuri. Lakini klorini hula mpira, na mpira wa pampu ulikuwa umeliwa siku nyingi; nilipomaliza tu ukakatika. Na niliahidi saa tisa. Nikakimbia kwa Mzee Nalinga, mkulima jirani, nikamwazima mashine yake ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ile ya injini inayobebwa mgongoni. Salfa mnaijua, ule unga wa manjano wa kuzuia ubwiri, ukungu wa mikorosho.

"Shikamoo Baba. Naomba mashine, ya kambi."

"Marahaba. Chukua. Lakini osha tangi, na mpira wote. Hasa mpira."

"Nitaosha."

Sikuosha. Nilitazama dumu moja la maji lililobaki, nikakumbuka baiskeli iliyolipandisha kutoka bondeni, nikaona haya kulimwaga kwenye mpira wa mashine. Mtu wa mahali penye maji asingefanya kosa lile. Nikamimina klorini, nikaivaa mgongoni, saa tisa kamili nikasimama mlangoni mwa darasa la tano nikavuta kamba.

Ilinguruma kama lori. Na klorini isije. Kilichokuja ni wingu. Salfa yote iliyokaa kwenye mpira tangu msimu wa kupulizia ilitoka kwa mkupuo mmoja, manjano tupu, ikajaa darasa mpaka darini, ikashuka polepole juu ya kila kitu. Wagonjwa wakawa manjano. Ubao ukawa manjano. Wanawake wa msiba, kanga zao, nyusi zao, manjano. Shuka la maiti, manjano. Mbuzi alikuwa amechungulia dirishani, naye.

Ndipo nikasikia gari.

Gari la wilaya, wanangu, sijawahi kuliona likiwahi mahali popote. Siku hiyo liliwahi kwa siku nzima. Akashuka Bwana Afya, kijana wa kutoka mikoa ya mbali, ameajiriwa karibuni, viatu vinang'aa. Alikuja moja kwa moja ndani, akasimama. Mbele yake wanawake wa manjano wanaomboleza juu ya maiti.

"Poleni. Nani amefariki?"

"Nesi wetu," akajibu Bi Somoe. Mtani akiwa msibani haachii katikati.

"Mungu wangu. Kwa kipindupindu?"

"Kwa kazi."

Akamgeukia Mzee Chilumba, akamtazama usoni, akamtazama wa pili, wa tatu. Akarudi nyuma hatua moja. "Macho! Ngozi! Hii siyo kipindupindu tena. Hii ni homa ya manjano! Dereva! Hakuna mtu kutoka hapa! Tufunge kambi, tuite lori!"

Mimi nilikuwa nimebeba mashine inanguruma, sijui kuizima, nalia, na machozi yanachora mistari kwenye manjano. Nikasema, "Bwana Afya, ni mimi, sikuosha mpira." Hakuna aliyenisikia.

Halafu maiti ikapiga chafya.

Moja kubwa, ya mtu mrefu. Shuka likaruka. Dereva hakungoja ya pili. Walimkuta baadaye njia ya Makote. Sista Hilda akakaa kitako, nywele manjano, akapiga nyingine mbili, akatutazama mmoja mmoja. Nikayatazama macho yake. Yalikuwa yamerudi, wanangu. Yalikuwa ya mtu.

Akanyoosha mkono, akazima mashine mgongoni kwangu. Akasimama, akamwendea Mzee Chilumba, akampitisha kidole kwenye paji la uso. Pakabaki mstari mweusi, safi. Akamwonyesha Bwana Afya kile kidole.

"Bwana, shikamoo ya kazi. Homa ya manjano haifutiki kwa kidole."

Bwana Afya akampitishia mzee kidole chake mwenyewe, kikatoka manjano.

"Zena," akasema Sista bila kugeuka, "hukuosha mpira. Fungua madirisha, watoe nje wote wafutwe, na mzee asipikiche macho. Na wewe, Bwana, umeingia hujakanyaga gunia. Rudi."

Akarudi. Na vile viatu. Akakanyaga mguu wa kwanza, wa pili. Bi Somoe akamwambia, "Una bahati una miwili."

Sista akanawa, akaenda darasa la pili kwa Rehema, akapiga magoti, akafumba macho, akaweka kidole juu ya kiwiko. Sisi tumesimama mlangoni hatupumui, Bwana Afya kati yetu. Sindano ikaingia mara moja. Dripu ikaanza kutiririka, na mkono wake mwingine ulikuwa umetulia kwenye goti. Haugongi kitu.

Bwana Afya aliandika taarifa yake palepale kwenye dawati la mtoto. Niliisoma juu ya bega lake: Kambi iendelee. Muuguzi ni mzima na ana akili timamu. Mbuzi aondolewe.

Jioni ile nilipiga magoti kwa Sista kuomba radhi kwa yote, ya mashine na ya msiba. Akaniuliza tu, "Nimekufa saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka saa tisa."

"Masaa sita. Basi kila mtu atakufa masaa sita, kwa zamu."

Na ndivyo ilivyokuwa mpaka ugonjwa ulipoisha. Alifuta ubao wa chumba cha walimu, akaandika kwa chaki: MAREHEMU WA LEO. Chini yake jina. Zena, kesho Hilda, keshokutwa mhudumu mwenzetu wa kumwaga ndoo. Jina lako likiwa ubaoni huguswi, huitwi, hutoi amri, na Bi Somoe anakuja kukukalia miguu. Mgonjwa akiuliza, "Nesi Zena yuko wapi?" anaambiwa, "Amefariki, atarudi saa tisa." Walizoea. Rehema alipopata nguvu za kutembea alikuwa anakuja kutuombolezea yeye mwenyewe, anaweka kiganja kwenye shuka anasema, "Pole, maiti."

Mtoto wa dada yangu nilimuuliza kwenye simu: hapo wodini kwenu una mtani? Akasema hajui. Nikamwambia tafuta. Anayeweza kukukalia miguu usimkasirikie.

Sista Hilda alistaafu akarudi kwao Masasi, akalima, akazeeka, akafa kweli. Nilishuka kuzika. Tuliketi uani, majabali ya Masasi yanatutazama, watu wengi, wengine alikuwa amewatoboa mishipa wakiwa watoto. Watani walikuwepo, vijana vijana, utani wao mwepesi. Mara bodaboda ikasimama, na nyuma yake, ameshikiliwa kiunoni kwa kanga ili asidondoke, Bi Somoe. Alikuwa amebaki mdogo kama furushi. Watu wakampisha, wakangoja aanze: amwigize, avae viatu vya marehemu, akalie jeneza.

Hakufanya lolote. Alisimama tu pale, akafungua pindo la kanga, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Unga wa manjano. Akachukua punje kidogo kwa vidole viwili, akainyunyiza juu ya jeneza, upande wa kichwa.

Kisha akainua mkono tunyamaze.

Tukanyamaza. Watu wazima wote wale, tukangoja chafya.